Maneno mawili ya Leonidas na kivumishi kimoja cha Kiingereza

Mwaka 410 KK kikosi cha majini cha Sparta kilipigwa vibaya na Waathene karibu na Cyzicus, kwenye pwani ya Bahari ya Marmara, Uturuki ya leo. Jemadari Mindarus aliuawa. Msaidizi wake, ambaye sasa mzigo wote ulimwangukia, akaandika barua kwenda nyumbani. Barua ilinaswa njiani ikapelekwa Athens, na Xenophon akaiweka katika historia yake. Ukiifasiri yote, mwanzo hadi mwisho, ni hii: "Merikebu zimekwenda. Mindarus amekufa. Watu wana njaa. Hatujui la kufanya."

Kwa Kigiriki ni maneno 11. Kwa Kiswahili, hesabu mwenyewe, ni 10.

Watu wa namna hiyo ndio waliokipa Kiingereza kivumishi "laconic". Ukimuuliza mtu maana yake harakaharaka atakwambia ni "-a maneno machache". Hajakosea, ila amekupa nusu. Ilani ya "Usikojoe hapa" ina maneno machache, na hakuna Mwingereza atakayeiita "laconic". Nusu iliyobaki ndiyo inayowasumbua wafasiri, walimu na wanafunzi wa Kiingereza, na hiyo huwezi kuipata bila kwanza kupita Laconia kwenyewe.

Laconia ni eneo la kusini-mashariki mwa rasi ya Peloponnese, Ugiriki. Mji wake mkuu ni Sparta, katika bonde la mto Eurotas. Zamani dola yenyewe iliitwa Lakedaimon, na mapokeo yanasema ngao zao zilichorwa herufi L ya Kigiriki kwa sababu ya jina hilo. Jina bado lipo kwenye ramani: Laconia ni sehemu ya utawala ya Ugiriki hadi leo, na mji wa Sparta unaouona sasa ulianzishwa upya mwaka 1834 kwa amri ya Mfalme Otto, mahali ulipokuwa ule wa kale. Mtu wa huko kwa Kigiriki aliitwa Lakon, na chochote cha huko kilikuwa "lakonikos". Warumi wakalichukua neno wakalifanya "laconicus", na Kiingereza kikalipokea katika karne ya 16. Warumi hao hao walikiita "laconicum" chumba cha joto kavu cha kutokea jasho katika mabafu yao, kwa kuamini kwamba mtindo huo wa kuoga ulitoka kwa Walakoni. Kwa hiyo Laconia imewapa walimwengu jibu fupi na bafu lisilo na mvuke, na vyote viwili ni vikavu.

Hapa kuna mtego. Neno hili halihusiani kabisa na "lack", yaani kukosa au kupungukiwa. Mwanafunzi akikutana nalo kwa mara ya kwanza huona herufi za mwanzo zinafanana, akakisia kwamba mtu "laconic" ni mtu aliyepungukiwa maneno. Kisio linampeleka jirani na maana, na hapo ndipo linapomdhuru, maana anatulia hapo hapo asiende mbele. Aliyepungukiwa maneno hana la kusema. Mtu "laconic" analo, ila amelisema lote kwa maneno matatu.

Ufundi huo walifundishwa utotoni. Mwandishi wa Kigiriki Plutarch, katika kitabu chake cha maisha ya Lycurgus, mtunga sheria wa Sparta, anaeleza kwamba watoto wa kiume wa Sparta waliondolewa nyumbani wakiwa na miaka 7 wakalelewa kwa makundi. Baada ya chakula cha jioni kijana aliyewasimamia alikuwa akimwambia mmoja aimbe, na mwingine akimtupia swali: nani mtu bora kuliko wote mjini? Unakionaje kitendo cha fulani? Jibu lilitakiwa liwe na sababu na hoja ndani yake, na wakati huo huo liwe fupi. Aliyejibu vibaya aling'atwa kidole gumba.

Irudie ile sentensi ya masharti: sababu, hoja, na ufupi, vyote kwa pamoja. "Ndiyo" na "hapana" peke yake isingemwokoa mtoto yule na meno ya msimamizi. Plutarch huyo huyo anaongeza mfano mzuri sana. Sparta ilikuwa na fedha ya chuma, nzito ya kubebwa, thamani yake ndogo. Kwa maneno walifanya kinyume chake: uzito mdogo, thamani kubwa. Sijaona tafsiri ya "laconic" inayoshinda hiyo, na imetoka kwa mtu aliyekuwa akizungumzia sarafu.

Sasa tuzione semi zenyewe kwa karibu, kwa sababu kila moja inapoingia katika Kiswahili inaonyesha jambo lake.

Ya kwanza ni ya Leonidas, mfalme wa Sparta, kwenye vita vya Thermopylae, mwaka 480 KK. Plutarch anasimulia kwamba Xerxes, mfalme wa Uajemi, alimwandikia: leta silaha zako. Leonidas akaandika kumjibu: "Molon labe." Wachoraji na watu wa sinema hupenda kumwonyesha akipiga kelele, lakini katika simulizi hii yalikuwa maandishi. Kigiriki ni maneno mawili. Kiingereza kinahitaji manne, "Come and take them". Kiswahili kinarudi kwenye mawili: "Njoo uzichukue." Yule anayeambiwa, kile kinachochukuliwa na ile dhana ya "ili" vyote vimeingia ndani ya "uzichukue". Angalia pia nafsi. Kigiriki kimetumia umoja, kwa hiyo ukiandika "Njooni mzichukue" umebadilisha kitu: umeliambia jeshi zima, wakati Leonidas alikuwa anamwambia mfalme mwenyewe, yeye kama yeye. Na usiandike "Njoo kuzichukua". Hiyo ni lugha ya mtu anayeitwa ofisini kuchukua vyeti.

Ya pili ni mashuhuri kupita zote, na ndiyo inayomtoa mfasiri jasho. Mfalme Filipo wa Pili wa Makedonia alikwisha kuwa bwana wa sehemu kubwa ya Ugiriki. Akawaandikia Walakoni kwamba akiingia nchini kwao atawafukuza humo. Wakamjibu kwa neno moja, "aika", ambalo kwa lahaja yao ni lile sharti la mwanzo wa sentensi. Kiingereza kinaliweka vizuri kabisa: "If." Lakini jaribu kwa Kiswahili. Sentensi ya kawaida ya Filipo ni "Nikiingia Laconia, nitawafukuza." Sharti liko wapi? Ni silabi moja, "-ki-", imebanwa katikati ya kitenzi, na huwezi kuichomoa ukaipeleka kwa tarishi. Jibu la "Ki" halisomeki. Ndiyo maana wasimuliaji wengine huishia kuandika "Kama utaweza", na hapo utamu wote umemwagika, kwa kuwa Walakoni hawakusema "utaweza". Wao waliliokota neno moja la Filipo wakamrudishia.

Dawa yake ni kuanza na barua ya Filipo kabla hujagusa jibu. Mpe sharti linalosimama lenyewe: "Iwapo nitaingia Laconia, nitawafukuza humo." Kisha jibu: "Iwapo." "Kama" nayo inawezekana, ila msomaji wa Kiswahili akikutana na "Kama." peke yake anaweza kudhani ni ya mfanano, "kama nini?", akasita nusu sekunde, na kichekesho cha neno moja hakivumilii nusu sekunde. "Ikiwa" ni ya pili kwa ubora. Mimi ningeshika "Iwapo". Kanuni hii inafaa mbali zaidi ya Sparta: jibu linapookota neno la swali, swali ndilo la kutengenezwa kwanza.

Kuna kipande ambacho wanaosimulia kisa hiki mara nyingi hukiacha. Mwaka 338 KK, baada ya kushinda vita vya Chaeronea, Filipo aliingia Laconia kweli. Aliharibu mashamba na kuimega ardhi akawagawia majirani. Mji wa Sparta hakuuteka.

Ya tatu inatoka kwa mwanahistoria Herodotus, na ni ya zamani zaidi, yapata mwaka 525 KK. Watu waliofukuzwa kisiwani Samos walifika Sparta kuomba msaada wa vita. Wakatoa hotuba ndefu. Walakoni wakawaambia kwamba maneno ya mwanzo wameyasahau na ya mwisho hawakuyaelewa. Mara ya pili Wasamos wakaja na mfuko mtupu, wakasema tu: "Mfuko unahitaji unga." Wakaambiwa kwamba neno "mfuko" halikuwa na haja. Msaada lakini walipewa. Kwa Kiswahili mchezo huu ni mtamu kwa namna yake: ukiliondoa neno "mfuko" inabaki "Unahitaji unga", na ile "u-" ya mwanzo bado ni mfuko. Sarufi yetu imekwisha kulifanya lile Walakoni walilolidai.

Kwa mifano hiyo, mipaka ya neno inaanza kuonekana. Kiingereza kina ukoo mzima wa maneno ya ufupi, na wanaojifunza huyatumia kana kwamba ni mamoja.

"Concise" ni sifa ya kazi iliyohaririwa vizuri: ripoti, muhtasari, maelezo ya dawa. Ni sifa safi, haina tabia ya mtu ndani yake. "Terse" imebana zaidi na ina ubaridi kidogo. "Curt" ni ufupi wenye kukosa adabu, mtu amekujibu na amekuudhi. "Taciturn" ni mtu asiyependa kuzungumza kabisa, mnyamavu. "Laconic" inasimama peke yake kwa sababu inataka mambo matatu kwa mpigo: maneno yawe machache, yatoshe, na msemaji awe ametulia, hana haraka wala jazba. Mara nyingi kuna na utani ndani yake, ule utani wa mtu ambaye yeye mwenyewe hacheki. Toa utulivu, linabaki "curt". Toa utoshelevu, linabaki jibu la mtoto anayeogopa mtihani. Mnyamavu anaweza kukaa karamu nzima bila kuwa "laconic" hata mara moja, kwa sababu hajasema kitu. Neno hili linahitaji mdomo ufunguke.

Huambatana na maneno yanayojulikana: "a laconic reply", "a laconic remark", "laconic wit", "laconic style". Mtu naye huitwa hivyo, na Waaustralia hupenda kujisifu kwayo kama tabia ya taifa lao. Kielezi chake ni "laconically", kinaandikwa kwa "-ally" lakini kinatamkwa silabi nne tu. Mkazo wa "laconic" uko kwenye silabi ya katikati, la-KO-nik, na hapo Mswahili hana shida kwa kuwa ulimi wake unakwenda hapo wenyewe.

Makosa ninayoyaona yana mpangilio wake. Moja ni "brief but laconic", fupi lakini "laconic", ambapo "but" inamsaliti mwandishi: anadhani neno lina maana ya uvivu au uzembe. Amelichanganya na "languid" au "lackadaisical", yenye herufi za kufanana. Lingine ni kulitumia kwa vitu. Kwa Kirusi neno ndugu la hili husemwa kwa samani, nembo na majengo yasiyo na mapambo mengi, na wafasiri wake hulibeba mzima mzima hadi kwenye Kiingereza, ndipo unakuta tangazo la kabati lenye "laconic design". Msomaji wa Kiingereza hujiuliza kabati limesema nini.

La tatu linastahili aya yake, kwa sababu nalo lina mahali ndani yake. Watu huchanganya "laconic" na "sardonic" kwa ajili ya kina cha mwisho. "Sardonic" ni kejeli chungu, kicheko cha upande mmoja wa mdomo. Mshairi Homer alitumia neno "sardanion" kwa tabasamu lenye hila la shujaa wake Odysseus. Wagiriki waliokuja baadaye wakalivuta neno kuelekea kisiwa cha Sardinia, wakisema huko kuna mmea ukiula unakukunja uso kama unayecheka, kisha unakufa. Herufi zikabadilika zifuate kisiwa. Kwa hiyo Laconia ilizaa kivumishi chake kihalali, na Sardinia ilibambikiwa. Mtihani wake ni mwepesi: aliyejibiwa kwa "laconic" anaweza kucheka pamoja na aliyemjibu, lakini wa "sardonic" ndiye anayechekwa.

Sasa kwa Kiswahili tuseme nini?

Neno la kwanza linalokuja ni "mkato". "Alimjibu kwa mkato", "jibu la mkato". Ni Kiswahili kizuri, ila tazama kilivyobeba hasira. Katika lugha ambayo kuulizana hali tu kunachukua hujambo, habari za nyumbani, watoto, kazi na za tangu juzi, anayejibu neno moja ana jambo lake. Ukisema "amenijibu kwa mkato" unalalamika. Kwa hiyo "mkato" ni mwenzake "curt", na ukimfasiri Leonidas kwa "mkato" umemfanya mtu mwenye kisirani. "Mkimya" na "mnyamavu" ni za "taciturn". "Mpole" haihusiki hata kidogo, ingawa nimeiona. "Uso mkavu", ambayo mfasiri anaweza kuishika akitafuta ule utani usiocheka, kwetu ni kukosa haya.

Neno moja linaloshika vyote vitatu hatuna, na si aibu. Linalofaa ni kuangalia kinachosifiwa. Kama ni mtu, "si mwingi wa maneno" au "mchache wa maneno" inatosha na ina heshima. Kama ni jibu, sema lilichofanya: "alimaliza kwa neno moja", "maneno mawili tu, yakatosha", au pale linapomshinda mpinzani, "akamziba mdomo kwa neno moja". Kama ni mtindo wa mwandishi, "haongezi neno lisilo na kazi". Na "he replied laconically" mara nyingi haihitaji kufasiriwa kabisa. Jibu lenyewe likiwa fupi, "akajibu: 'Iwapo.'" imeshajieleza, na kuongeza "kwa maneno machache yenye uzito" ni kufanya lile lile Wasamos walilolifanya na mfuko.

Mahali hapo hapo pamekipa Kiingereza kivumishi cha pili, "spartan", na wawili hawa wamegawana kazi vizuri ajabu. "Laconic" amechukua mdomo na kalamu. "Spartan" amechukua nyumba, sahani na kitanda. Hotuba haiwi "spartan" ila kwa kutanua maana, na chumba hakiwi "laconic" ila kwa hao wauza makabati.

Chanzo cha "spartan" ni maisha yale ya makundi. Plutarch anasema mtoto akifika miaka 12 alipewa vazi moja la kumtosha mwaka mzima, na alilalia matete aliyoyakata mwenyewe kando ya Eurotas kwa mikono, bila kisu. Watu wazima walikula pamoja katika mabaraza ya watu wapatao 15, na kila mmoja alileta mchango wa mwezi: unga wa shayiri, divai, mina 5 za jibini, mina 2 na nusu za tini, na vijisenti kidogo vya kitoweo. Mina moja ni kama nusu kilo. Chakula kilichovuma ni mchuzi mweusi, unaosemekana ulikuwa wa nyama ya nguruwe, damu, siki na chumvi. Mwandishi Athenaeus ana kisa cha mtu wa Sybaris aliyekaribishwa kwenye meza hiyo. Akasema sasa ameelewa kwa nini Wasparta ni mashujaa kuliko wote: mwenye akili timamu angechagua kufa mara elfu kumi kuliko kuishi hivi. Sybaris ulikuwa mji wa Wagiriki kusini mwa Italia, tajiri wa kufuru, uliobomolewa na majirani zake wa Croton mwaka 510 KK, nao umeacha kivumishi "sybaritic", cha mtu wa anasa. Vivumishi viwili vya Kiingereza, kwa hiyo, viliwahi kukaa meza moja.

Katika kufasiri "spartan" kosa kubwa ni "-a kimaskini" au "-a kifukara". Chumba "spartan" kinaweza kuwa cha tajiri, hoja ni kwamba kilichomo ni cha lazima tu. "Maisha ya kujinyima" inafaa pale mtu alipochagua mwenyewe, lakini bweni la kambi ya jeshi halijanyimwa na waliolala humo. Kiswahili kina njia rahisi ambayo waandishi huisahau: taja vilivyomo kisha ufunge. "Chumba kina kitanda, meza na kiti, basi." Hiyo "basi" ndiyo "spartan" yenyewe.

Kuhusu herufi kubwa: "laconic" huandikwa kwa ndogo siku zote, na ukitaka kusema kitu cha Laconia kweli unatumia "Laconian". "Spartan" ni ya kubwa kwa mji na watu wake. Kwa maana ya pili wengi huandika ndogo, wengine wanabakiza kubwa, jambo la maana ni usichanganye ndani ya maandishi yako. Herufi ndogo ni dalili kwamba mahali pamekwisha kufifia ndani ya neno. Kwetu yametokea hayo hayo kwa "merikani". Kitambaa kile cha pamba kilikuja Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, katika miaka ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said. Baadaye kilifumwa Uingereza na Bombay, na bado kikawa merikani, kwa herufi ndogo, hakuna aliyewaza tena nchi.

Limebaki swali la nani hasa aliyewapa Walakoni sifa hii. Herodotus alikuwa wa Halicarnassus. Plato, anayemwonyesha Socrates akisifu ufupi wa maneno wa Walakoni katika kitabu chake Protagoras, alikuwa Mwathene. Xenophon naye Mwathene. Walakoni wenyewe wameacha maandishi haba. Kivumishi cha mahali, karibu kila mara, ni sauti ya jirani. Waathene, watu wa mabaraza na mahakama na hotuba za kutwa, waliona ajabu mtu akimaliza kwa neno moja.

Sisi tunalo neno lililopita njia hiyo hiyo kwa upande wa pili. "Swahili" limetokana na "sawahil" ya Kiarabu, wingi wa "sahil", pwani. Ni jina la mahali, basi. Lakini mtaani Tanzania mtu akikwambia "acha uswahili" hakukatazi pwani, anakukataza maneno mengi, kuzungushana, ahadi zisizotimia. "Usiniletee Kiswahili kingi", anasema, na anakisema kwa Kiswahili. Laconia imekuwa jina la kusema kidogo, pwani yetu ikawa jina la kusema sana, na mahali pote pawili tabia hiyo imeandikwa na aliyekuwa anasikiliza. Mfasiri akikuta "uswahili" wa namna hii hawezi kuupeleka Kiingereza kwa "Swahili", herufi kubwa au ndogo, kwa kuwa Kiingereza hakikuwahi kuwa jirani yetu wa kusikiliza porojo. Atalazimika kuandika kinachofanywa, kama tulivyofanya sisi na "laconic".

Waathene walikuwa na neno jingine la jirani. Watu wa Boeotia, kaskazini yao, waliwaona wazito wa akili, walaji, washamba. "Boeotian" bado imo katika kamusi kubwa za Kiingereza kwa maana hiyo ya mpumbavu. Plutarch, aliyetuhifadhia "aika" na "molon labe" na kisa cha kidole gumba, alizaliwa Chaeronea, pale pale Filipo aliposhinda, ndani ya Boeotia.